Hesabu Miezi Mitatu Nyuma

Msusi anaujua utosi wako kuliko daktari. Huugawa kwa kitana mstari baada ya mstari, huushika saa nzima, na nywele zikianza kupungua yeye huona kabla yako. Wifi yangu, anayeishi karibu na Awendo, aliambiwa hivi na msusi wake: "Mama, leo siwezi kukusuka. Hazina pa kushika." Akafunga kitambaa, akarudi nyumbani, na kwa wiki mbili hakumwambia mtu.

Wiki ya tatu alinieleza jambo lililonitia hofu kuliko nywele zenyewe. Alikuwa ameacha kumeza dawa zake za ARV. Alikuwa amezimeza miaka tisa bila kuruka siku, virusi vikiwa vichache hata mashine haivioni. Jirani alimwambia ni zile dawa zinazokula nywele. Naye alikuwa na sababu ya kuamini, kwa kuwa sisi tuliokulia kando ya ziwa tunaikumbuka miaka ambayo nywele za mgonjwa ziligeuka laini na nyepesi kama za mtoto mchanga, na watu wakanyamaza alipopita. Huku kwetu kichwa kisicho na nywele husomwa. Mjane na wafiwa walinyolewa katika liedo, mila ya kunyoa baada ya msiba, na kila mtu alijua kwa nini. Nywele zikiondoka bila wembe, watu hutafuta maana, na wepesi wa kutamka neno chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, bado haujaisha.

Ugonjwa wake haukuwa umerudi. Ilikuwa tezi ya shingoni. Lakini ilichukua miezi minane kulijua hilo, kwa sababu kila alipolalamikia uchovu alijibiwa yale yale: ni hali yako, ni dawa, punguza mawazo. Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya miezi hiyo minane.

Kaunti zetu za Migori na Homa Bay zina watu wengi walio kama yeye. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wakiishi na HIV, na asilimia 13 Migori, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa asilimia 4.9. Ongeza hapo kifua kikuu, malaria isiyokoma, selimundu, kisukari na shinikizo la damu. Mtu aliye na ugonjwa wenye jina hupata taabu ya pekee: ugonjwa ule hukaa mlangoni na kujibu hodi ya kila mgeni. Ukichoka, ni ule. Ukikonda, ni ule. Nywele zikidondoka, ni ule. Mgeni wa pili hukaa ndani miaka bila kuulizwa jina.

Kabla ya kulaumu chochote, elewa nywele zinavyoishi. Tazama mashamba ya miwa yanayouzunguka mji wa Awendo. Hili limepandwa juzi, lile linafika kiunoni, la tatu limekomaa na trekta linasubiri. Kwa kuwa hayana umri mmoja, nchi haibaki uchi hata siku moja. Utosi uko vivyo hivyo. Kila unywele una umri wake: hukua kwa miaka miwili hadi sita hivi, huacha kukua, hupumzika takriban miezi mitatu, kisha hudondoka na mwingine huchipua katika shimo lile lile. Katika kila nywele kumi, karibu tisa zinakua. Kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida.

Pigo kubwa likiupata mwili, hesabu hiyo huvurugika. Mwili hubana matumizi, na nywele si moyo wala ini, basi hunyimwa mapema. Nyingi huacha kukua kwa wakati mmoja, lakini hazianguki siku hiyo. Hukaa kichwani miezi miwili mitatu zikiwa zimekwisha kufa, ndipo huanguka kwa pamoja, mtu akiwa amepona na kusahau. Ndiyo maana lawama huangukia asiye na hatia: mafuta mapya, maji ya kisima, kidonge alichobadilishiwa juzi.

Kwa hiyo chukua kalenda, tafuta wiki nywele zilipoanza kujaa kwenye kitana, uhesabu miezi mitatu nyuma. Ulilazwa kwa malaria kali au taifodi? Ulijifungua, ulitoa mimba, ulifanyiwa upasuaji? Ulipungua kilo nyingi kwa muda mfupi? Ulizika mtu wa karibu? Ukilipata tukio, na nywele zinapungua kichwa kizima bila mabaka wala vidonda, basi uwezekano ni mkubwa kwamba zitarudi zenyewe, kwa kawaida ndani ya miezi sita hadi mwaka, bila dawa ya kununua. Ukikosa tukio, au miezi sita ikapita na bado zinaanguka, au nywele zina mwenzao, yaani uchovu, baridi, mapigo ya moyo, hedhi iliyoharibika au ngozi inayobadilika rangi, hapo ndipo uulize habari za tezi.

Na ARV? Zipo dawa chache za HIV ambazo zimewahi kuhusishwa na kupungua kwa nywele, ila si jambo la kila siku, na dawa hubadilishwa na kliniki, haiachwi nyumbani. Aliyeacha ARV huwapa virusi nafasi ya kuongezeka, na ugonjwa wenyewe humaliza nywele kuliko kidonge chochote. Kwa hili sina maneno laini: endelea kumeza, nenda ukaulize.

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Kazi yake ni kupanga mwendo wa mwili mzima. Ikilegea, kila kitu hupunguza mwendo. Mtu huhisi baridi jua la Karungu likiwaka, hufunga choo, hunenepa bila kula zaidi, sauti hukwaruza, ngozi hukauka, hedhi huwa nzito, na usingizi haumtoshi. Nywele huwa kavu na kukatika, na nyusi huisha upande wa nje, karibu na masikio. Wifi yangu alikuwa akijichora nyusi kwa wanja miezi mingi kabla ya msusi kumwambia lolote. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Tezi ikizidisha kazi, huwa kinyume chake: moyo hupiga mbio umeketi, mikono hutetemeka, jasho, joto, kukonda huku unakula vizuri, macho yanayotoka nje, na nywele zinazokuwa nyembamba na kuanguka. Kwa anayeishi na HIV kuna jambo la kujua hapa. Kinga ya mwili inapoimarika kwa ARV, baadhi ya watu hupata ugonjwa wa Graves, ambapo kinga hiyo hiyo huichochea tezi kupita kiasi. Hutokea mara nyingi mwaka mmoja hadi miaka mitatu baada ya kuanza dawa. Mtu anayekonda na kutetemeka wakati wingi wa virusi uko chini asiambiwe dawa zimeshindwa kabla tezi haijapimwa.

Kipimo chenyewe ni cha damu, kinaitwa TSH, na pamoja nacho huombwa kile cha homoni yenyewe, T4 huru. Uliza katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori au Homa Bay, na ukiambiwa mashine haifanyi kazi au kemikali zimeisha, uliza sampuli inaweza kupelekwa wapi. Usiondoke na neno hakuna. Jambo moja wengi hawaambiwi: vile vidonge vya kukuza nywele na kucha vinavyouzwa dukani huwa na bayotini kwa wingi, na bayotini huvuruga baadhi ya mashine za maabara, ikamfanya mtu asiye na ugonjwa aonekane tezi yake inakimbia. Viache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na mwambie mpimaji kwamba ulikuwa unavitumia.

Tezi iliyolegea hutibiwa kwa levothairoksini, kidonge kimoja kwa siku, mara nyingi maisha yote. Ni dawa ya zamani na inafahamika vizuri, lakini ina masharti ya tumbo. Imeze asubuhi kwa maji matupu, kisha usubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya maziwa au uji. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalisi, ambavyo wajawazito hupewa sana, vikae mbali nayo saa nne. Anayemeza dolutegraviri, iliyomo katika kile kidonge kimoja cha ARV ambacho watu wengi hupewa siku hizi, akumbuke kwamba chuma na kalisi huizuia nayo isifyonzwe vizuri ikiwa tumbo ni tupu. Kaa na mhudumu wa kliniki, andikeni saa za kila dawa kwenye karatasi moja. Wifi yangu ameibandika yake nyuma ya mlango wa jikoni: tezi alfajiri kabla ya kuku kufunguliwa, ARV usiku baada ya chakula, chuma mchana.

Tezi inayokimbia hutibiwa kwa dawa kama kabimazoli. Ukiwa unaitumia na ukapata homa pamoja na koo kuuma, usinunue dawa ya koo. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, kwa sababu mara chache dawa hii hushusha askari wa mwili hadi hatari. Na kwa tezi yoyote ile, uwe na subira. Nywele hufuata damu kwa miezi. Kipimo kinaweza kuwa sawa na kichwa bado kikaonekana kile kile; kwa wengine nywele huendelea kuanguka mwanzoni mwa tiba. Wengi hukata tamaa hapo hapo.

Sasa tezi za adrenali, ambazo hazisemwi kabisa. Ziko mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia, nazo hutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili wakati wa shida, na nyingine inayotunza chumvi na maji. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London aliandika juu ya wagonjwa waliodhoofika huku ngozi zao zikiwa nyeusi isivyo kawaida. Alipowapasua baada ya kufa alikuta tezi hizi zimeharibika, na miongoni mwa waharibifu kifua kikuu kilikuwa mbele. Huko Ulaya sababu kuu imebadilika. Kwetu kifua kikuu bado kipo, na ndiyo sababu naona ugonjwa huu wa zamani ni wetu zaidi kuliko wao.

Dalili zake hujificha ndani ya kifua kikuu na HIV kwa urahisi: uchovu, kukonda, kichefuchefu, kizunguzungu ukisimama, hamu kali ya chumvi. Kinachoutofautisha ni weusi mpya kwenye mistari ya viganja, kwenye ufizi, kwenye vifundo vya vidole na makovu. Fungua kiganja mchana uangalie. Kwa mwanamke, nywele za kwapani na za sehemu za siri hupungua au huisha, kwa kuwa homoni inayozikuza hutoka zaidi katika tezi hizi. Najua hakuna anayependa kumwambia hilo daktari kijana. Liandike kwenye karatasi umpe asome.

Aliyeanza dawa za kifua kikuu na badala ya kupata nafuu akazidi kuanguka, kutapika na kuishiwa nguvu, apimwe kotisoli. Rifampisini huifanya kotisoli iondoke mwilini upesi, na mtu aliyekuwa akijikongoja kwa akiba ndogo huanguka. Damu ya kotisoli hutolewa asubuhi, kama saa mbili, maana kiwango hubadilika mchana. Mwenye ugonjwa huu akitapika mfululizo, akizimia au akichanganyikiwa, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni bodaboda usiku.

Mlango mwingine wa kuharibu tezi hizi tunaufungua wenyewe. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, ikimezwa wiki nyingi kwa pumu au viungo hulaza tezi. Ukiikata ghafla, hazina habari kwamba zinatakiwa kuamka. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo. Krimu za kujichubua zenye steroidi kama klobetasoli au betamethasoni, zikipakwa mwili mzima miezi na miezi, hupenya kwenye damu na kufanya yale yale. Sindano za maumivu zisizo na jina ni hivyo hivyo, na mitishamba ya viungo inayotuliza usiku mmoja wakati mwingine huwa imechanganywa na steroidi kwa siri. Uso huvimba mviringo, tumbo hukua, mistari myekundu au ya zambarau hutokea, ndevu huota kwa mwanamke huku nywele za kichwani zikipungua. Walio kwenye ARV zenye ritonaviri, ambao wengi ni wa mstari wa pili wa tiba, wako hatarini zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huzuia steroidi isiondoke mwilini. Hata sindano moja ya goti au dawa ya kuvuta ya pumu inaweza kuwaletea haya. Taja ARV zako kabla ya kuchomwa sindano yoyote, hata kama aliyeishika sindano ni mtu wa kijijini kwenu.

Pia kuna biashara inayouza virutubisho vya kutibu "uchovu wa adrenali". Ugonjwa wa jina hilo haupo katika tiba. Tezi hizi hushindwa kazi kweli, na kushindwa huko hupimwa kwa damu na kutibiwa kwa homoni. Hakuna hali ya katikati inayotibiwa kwa chupa ya bei ya mbuzi. Baadhi ya chupa hizo huwa na homoni zenyewe ndani yake. Uchovu wako ni wa kweli, na ndiyo sababu unastahili kipimo.

Kuna akina mama ninaowafikiria kila ninapoandika juu ya tezi. Mama alijifungua, akavuja damu hadi kuzimia, akaokolewa, watu wakamshukuru Mungu. Maziwa hayakutoka. Hedhi haikurudi. Nywele za kwapani zikaisha, akawa mtu wa baridi na usingizi, na miaka ikapita akiitwa mvivu au akisemwa ana chira. Yawezekana ile damu nyingi iliua sehemu ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ile inayoziamuru nyingine zote. Daktari Sheehan aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937. Kwa mama wa namna hii kipimo cha TSH peke yake kinaweza kuonekana cha kawaida na kumdanganya daktari. Ni lazima T4 na kotisoli vipimwe pamoja. Na tiba ina mpangilio: kotisoli hurudishwa kwanza, ya thairoidi baadaye, kwa sababu kuichochea thairoidi kwa mtu asiye na kotisoli kunaweza kumwangusha kabisa. Kama una dada au mama mkwe mwenye historia hii, hata ya miaka 15 iliyopita, mpeleke. Mwambie daktari kwanza habari ya ile damu, ndipo useme uchovu.

Si kila nywele inayoanguka ni ya tezi, bila shaka. Upungufu wa damu na wa chuma ni jambo la kawaida kwetu kwa sababu ya malaria na minyoo, na anayetafuna odowa, ule udongo wa kula, kila siku ajue kwamba hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya chuma kupungua, na udongo wenyewe huzuia chuma kufyonzwa. Mabaka ya mviringo yaliyo laini kama sarafu huletwa na kinga ya mwili, na huandamana mara kwa mara na magonjwa ya thairoidi. Mabaka yenye magamba kwa watoto ni mapunye. Nywele zilizoliwa huku na huku kama kitambaa kilichotafunwa na nondo zinadai kipimo cha kaswende. Zilizoisha kwenye paji la uso na juu ya masikio, hiyo ni rasta iliyokazwa mno.

Chakula nitakisema kwa ufupi. Tumia chumvi ya pakiti iliyotiwa ayodini; magadi ya mboga hayahesabiki. Anayekula ugali wa muhogo kila siku ahakikishe muhogo umelowekwa vizuri na kukaushwa, kwa kuwa sumu yake huizuia tezi kutumia ayodini. Omena, mayai, maharagwe na mboga za kienyeji vinatosha. Matone na vidonge vya ayodini usinywe bila kupimwa, kwa kuwa kuzidi nako huharibu tezi. Kichwani, fungua misuko ya kukaza, acha dawa za kulainisha kwa muda, vaa kitambaa cha pamba au wigi lisilobana. Kunyoa hakuzifanyi nywele ziwe nene, lakini kama kunakupa amani, nyoa.

Ukienda kliniki usiseme tu "nywele zinaanguka", utapewa pole. Andika hivi: zilianza mwezi fulani, miezi mitatu kabla yake kulikuwa na hili, dalili nyingine ni hizi, dawa ninazomeza, kupaka na kudungwa ni hizi zote, naomba nipimwe damu na tezi. Peleka picha ya utosi, na nyingine ya miezi mitatu iliyopita kama unayo. Nenda na mtu wa nyumbani, maana tezi iliyolegea hupunguza hata kumbukumbu, na mambo mengine huyaona aliye pembeni. Mimi ndiye niliyemwambia daktari kwamba wifi amekuwa akivaa sweta mchana wa Januari. Yeye hakuwa ameliona kuwa neno.

Alirudia ARV juma lile lile aliloniambia, na kliniki ikampima tena baada ya miezi mitatu. Virusi vimeshuka, havionekani. Nyusi ndizo zilizotangulia kurudi, upande wa kulia kabla ya kushoto. Kichwani zimeota fupi na ngumu, urefu wa fundo la kidole. Msusi amemwambia asubiri hadi Desemba.